Goti la Zena na Baiskeli ya Kunolea Visu

Sista Adventina, anayefanyisha watoto mazoezi ya viungo pale hospitali, ndiye aliyeniomba niandike. Alisema wazazi wapya wakikaa kwenye benchi la nje ya mlango wake wanamtazama kama mtu anayewadanganya, na huenda maneno ya mzazi mwenzao yakawaingia zaidi. Mie si mwandishi. Nilifanya kazi kiwandani miaka mingi, na tangu kiwanda kipunguze watu nanoa visu mitaani, Buguruni, Ilala hadi Temeke. Lakini binti yangu sasa anatembea, na kuna kipindi nilishakata tamaa ya kuliona hilo. Kwa hiyo nitajaribu, na nitaeleza kama yalivyotokea, bila utaalamu, maana utaalamu sina.

Zena hakuwa mtoto wa michezo hata kabla ya kuumwa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu hudhani ugonjwa ndio uliomweka kando. Wenzake wakicheza rede, yeye ndiye wa kwanza kupigwa na mpira na kutolewa nje. Wakiruka kamba, kamba inamnasa. Shuleni wakichagua watu wa mchezo wa pete anabaki yeye na mtoto mmoja mwenye makengeza, kisha mwenye makengeza anachaguliwa. Hakuhuzunika. Alikuwa anarudi zake nyumbani, anakaa kibarazani na mama yake kuchambua mchele, anasikiliza wakubwa wanavyosengenyana, na yote anayakumbuka. Mke wangu Mwanaidi alikuwa akisema mtoto huyu kazaliwa mtu mzima.

Alipokuwa darasa la tatu, asubuhi moja ya masika, mvua imenyesha tangu alfajiri na uwanja wetu umekuwa dimbwi, nilimwita aamke aende shule. Hakutoka. Nikaenda chumbani nikamkuta ameketi kitandani, miguu imening'inia, anaitazama.

"Baba, miguu haitaki."

Nilidhani ni ujanja wa kukwepa tope. Nilipomshika mkono nimsimamishe akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha chini, kama mtu aliyekanyagwa. Magoti yote mawili yalikuwa yamevimba na ya moto. Kufika saa nne yalilegea akatembea, nasi tukasahau. Kesho yake ikawa vile vile.

Zahanati walisema malaria. Akameza klorokwini, akajikuna usiku kucha, miguu ikabaki ilivyo. Jirani mmoja akasema ni baridi ya sakafu, tukamtandikia magodoro mawili. Dada yangu mkubwa, Bi Hawa, ambaye tunakaa naye nyumba moja ya urithi, akaleta majani ya kumkanda. Yale majani yalimpa nafuu ya muda, na siyadharau. Lakini masika ilipokwisha vidole vya mikono navyo vilikuwa vimevimba, akawa anashika kalamu kwa ngumi kama mtoto wa chekechea. Ndipo tukaandikiwa kwenda hospitali kubwa.

Mie ndiye niliyekuwa nampeleka. Kiwanda kilikuwa kimenipunguza mwaka uleule, na Mwanaidi alikuwa ameanza kuuza mitumba Kariakoo, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitoka asubuhi kwenda kazini. Nilimketisha Zena kwenye karia ya baiskeli yangu ya Kichina, nikaisukuma nikitembea polepole, kwa sababu nikiipanda kila shimo lilimpiga magotini.

Kwenye benchi la kliniki ile wote walikuwa wanawake. Siku ya kwanza muuguzi alinitazama, akatazama nyuma yangu.

"Mama yake yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Na wewe?"

Mama mmoja wa Kichaga aliyekuwa na kijana wake pale, Mama Neema, akasema, "Sista, mwache baba wa watu, angalau huyu kaja." Wakacheka, nami nikacheka, na tangu siku ile nikawa mtu wa benchi. Mama Neema alikuwa anatandika kitenge chake sakafuni Zena alale, maana benchi lilikuwa gumu na kungoja kulikuwa kurefu. Tulikuwa tunafika kabla jua halijawa kali, tunaondoka vivuli vimeshageuka. Ukienda huko, beba maji, beba kitu cha kulalia, na usiogope kuzungumza na aliye karibu yako. Sie tulioketi pale tulifundishana mengi ambayo daktari hakuwa na muda wa kuyasema.

Daktari alikuwa kijana mpole, amechoka. Alisema ni ugonjwa wa viungo unaowapata watoto, hauambukizi, hakuna aliyemroga, unaweza kuondoka na unaweza kukaa miaka. Akaandika aspirini nyingi, ameze akiwa ameshiba. Zena akawa anameza, na baada ya muda masikio yakaanza kulia. "Baba, kuna nzi ndani ya sikio," akasema. Nikachungulia na kibiriti kabla sijaambiwa kuwa ni dawa. Wakaipunguza kidogo, nzi akaondoka, maumivu yakarudi kidogo. Mwaka ule wote tulikuwa tunachagua kati ya hayo mawili.

Nyumbani tulifanya kile ambacho kila mwenye huruma angefanya. Tulimpumzisha. Bi Hawa alimchotea maji ya kuoga, Mwanaidi alimvalisha, mie nilimbeba mgongoni kwenda shule. Shuleni wakamsamehe michezo yote, wakampa kazi ya kukaa penye kivuli kulinda viatu na masweta ya wenzake. Akiwa amekaa aliweka mto chini ya goti la kulia kwa sababu likikunjwa haliumi. Sie tukaona amepata nafuu. Kilio kilipungua. Kipupwe kikapita, vuli ikaja, na goti lile likabaki vile vile lilivyokunjwa. Nilipomwambia anyooshe mguu, alinyoosha mwili mzima, goti likabaki limepinda.

Hapo ndipo daktari alipotupeleka kwa Sista Adventina.

Ni mwanamke mrefu wa kutoka Bukoba, Kiswahili chake kina mdundo wa kwao, na mikono yake ina nguvu kama ya mwanaume. Alimlaza Zena, akashika kisigino, akapima goti kwa macho, kisha akanigeukia.

"Nani anamchotea maji?"

"Shangazi yake."

"Nani anamvalisha?"

"Mama yake."

"Shuleni anakwendaje?"

"Nambeba."

"Kumbe miguu mnayo nyie," akasema. "Basi hii yake itakauka, maana haina kazi."

Nilikasirika. Sijui kama alijua. Akaendelea taratibu kwamba mtoto huyu hatakiwi kukimbia, hatakiwi kuruka, hatakiwi kugombania mpira na wenzake akasukumwa akaanguka. Lakini kila siku ya Mungu goti hili likunjwe na likunjuliwe, paja litumike, na iwe hivyo hadi atakapokuwa mkubwa. Kabla ya hapo goti lenyewe linyooshwe kwanza, kwa hogo.

Hogo ni ile plasta ngumu nyeupe wanayofungwa waliovunjika. Walimnyoosha kadiri alivyoweza kuvumilia, wakamfunga hapo. Baada ya wiki chache wanakata, wananyoosha tena kidogo, wanafunga jingine. Hogo la kwanza lilikuwa la mwisho wa vuli. La pili lilimkuta kwenye kaskazi, na anayeijua Buguruni wakati wa kaskazi, mabati yanavyopiga joto, ataelewa mtoto mwenye plasta kutoka pajani hadi kwenye kifundo anajisikiaje. Akawa anajikuna kwa njiti ya ufagio. Kisha kunguni wakaingia ndani. Hakuna kitu kilichoninyong'onyeza kama kumwona mwanangu anaumwa na wadudu mahali ambapo hata mama yake hawezi kupafikia. Mwanaidi alikaa anampepea na kipande cha boksi, anaimba nyimbo za harusi, hadi anasinzia yeye mwenyewe.

Hogo la tatu lilipokatwa, mguu ulikuwa umenyooka karibu wote. Lakini ulikuwa mguu wa mtoto mwingine. Ngozi imekauka inatoka magamba, paja limekwisha, goti limebaki kama fundo kwenye kamba. Zena aliutazama akaufunika na kanga.

"Sasa kazi ni yenu," Sista Adventina akasema. Akatuonyesha mazoezi. Alale chali anyanyue mguu. Akae ukingoni mwa kitanda anyooshe, ashushe. Asubuhi akandwe kwa maji ya moto kwanza, ndipo aanze.

Nikisema kipindi kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko hogo, amini. Hogo alilivaa yeye. Mazoezi tuliyavaa wote. Nilimfanyisha asubuhi na jioni, naye alilia asubuhi na jioni. Nyumba yetu vyumba vinatazamana, ukipiga chafya majirani wanakuombea. Bi Hawa akawa anatoka nje ya uwanja kila nikianza. Mwanaidi alivumilia hadi jioni moja aliporudi kutoka Kariakoo, akatua robota la nguo mlangoni, hakuvua hata viatu.

"Baba Zena, mwache."

"Sista kasema—"

"Nimesikia alichosema sista. Mie nashinda juani, narudi nakuta mtoto analia kama anachinjwa. Kesho hivyo hivyo, kesho kutwa hivyo hivyo. Mie nami ni mtu."

"Unataka goti lipinde tena?"

"Nataka nikae ndani ya nyumba yangu dakika moja nisisikie kilio."

Nikamwacha. Kwa siku kadhaa hatukufanya kitu, wala hatukusemeshana vizuri. Zena mwenyewe alikuwa anatupitishia maneno: mwambie baba chakula tayari, mwambie mama nimesikia. Sikuwa na mtu wa kumlaumu. Mwanaidi alikuwa amechoka na mie nilikuwa nimechoka, na mtoto ndiye aliyekuwa katikati yetu na mguu wake.

Nikajaribu njia za upole. Nikamwahidi pipi ya kijiti, ikafanya kazi siku mbili. Nikasema basi tutembee, yeye na mie, hadi kwenye reli turudi.

"Tunakwenda kwa nani?" akauliza.

"Hatuendi kwa mtu. Tunatembea tu."

Akasimama palepale njiani. "Basi turudi."

Nilikereka, lakini baadaye nikalifikiri lile jibu. Mtoto yule hakuwahi katika maisha yake kukimbia kwa sababu ya kukimbia. Wapo watoto miili yao inawasukuma, hata ukiwafunga watarukaruka. Wangu hakuwa wa aina hiyo. Wangu alikuwa anajongea pale tu palipokuwa na jambo. Kama mzazi unayesoma una mtoto wa hivyo, usipoteze miezi kama nilivyopoteza mie ukimgeuza mwingine. Tafuta jambo.

Jambo letu lilijileta. Nilikuwa ndio kwanza nimeanza kazi ya kunoa visu. Fundi wa kuchomelea aliniwekea jiwe la kunolea mbele ya usukani wa ile baiskeli, na mkanda unaotoka gurudumu la nyuma. Ukiitegesha kwenye stendi gurudumu la nyuma linanyanyuka, unapanda kwenye siti, unakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, unanoa. Baadaye nilikuja kuiweza, ila mwanzoni nilikuwa nachanganya. Nikikaza kisu, miguu inasahau. Miguu ikikumbuka, kisu kinaruka.

Siku moja nilikuwa uwanjani najifunza na kisu cha Bi Hawa cha kukatia samaki. Zena alikuwa kibarazani akinitazama kwa muda mrefu.

"Baba, unasimamasimama," akasema. "Ndiyo maana kinakwaruza."

"Njoo uzungushe wewe basi, fundi."

Nilisema kwa mzaha. Akashuka kibarazani kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine kama alivyozoea, akaja kwa kuchechemea. Nikamnyanyua nikamweka kwenye siti. Mguu wa kushoto ulifika kwenye pedeli, wa kulia ulifika kwa ncha ya vidole. Akasukuma. Pedeli ikaenda nusu, goti likagoma, akauma mdomo. Nikangoja kilio. Akasukuma tena na wa kushoto, ule wa kulia ukapandishwa na pedeli yenyewe, ukakunjika, ukashuka. Jiwe likazunguka. Nikagusisha kisu, cheche zikatoka kidogo.

"Usibonyeze sana, linakuwa zito," akaniambia.

Tulinoa kile kisu hadi Bi Hawa akaja kukidai kabla hakijalika chote. Goti lile lilikuwa limekunjwa na kunyooshwa mara nyingi kuliko wiki nzima ya mazoezi ya kitandani, na nyumba ilikuwa kimya.

Ikawa kawaida yetu. Nikirudi mtaani alasiri nakuja na visu ambavyo sijavimaliza, vya mama ntilie na vya mabucha, tunaviweka kwenye beseni. Yeye anakandwa maji ya moto, anapanda, anazungusha, mie nimesimama mbele nanoa. Huku akinieleza habari za mtaa mzima. Nani kagombana na nani bombani, binti wa nani kachumbiwa. Nilikuja kuona kwamba akisimulia anasahau maumivu ya goti. Nikawa namuuliza maswali ili asimulie zaidi.

Maneno hayakukosekana. Bi Hawa alikuwa wa kwanza. Yeye ndiye mkubwa wangu, tulivyokuwa wadogo ndiye aliyenilea, kwa hiyo alisema alivyotaka.

"Mtoto wa kike, tena mgonjwa, umempandisha baiskeli kama ngamia anayezungusha kinu cha mafuta. Kwanza baiskeli inaharibu watoto wa kike. Pili watu wanaona. Wanasema umekosa kazi umemtumikisha mwanao."

"Dada, huwa analia?"

"Mie sisemi kulia. Nasema watu."

Mwanaidi yeye alikuwa akipita na robota lake bila kututazama, na hilo lilinitisha zaidi. Nikamwomba siku moja aiache Kariakoo, twende naye hospitali. Alikuja akiwa amejifunga kanga kwa uso mgumu. Nilimweleza Sista Adventina habari yote ya visu mbele yake, nikijua nikikemewa nitakemewa mbele ya mke wangu. Sista alisikiliza. Hakucheka.

Akamlaza Zena. Akachukua mkono wa Mwanaidi, akauweka juu ya paja la kulia la mtoto, juu kidogo ya goti.

"Zena, nyoosha mguu. Kaza."

Zena akakaza. Nilikuwa namtazama Mwanaidi. Ungeona kabisa alivyolisikia lile paja likiinuka chini ya kiganja chake, dogo, gumu, kama samaki anayegeuka. Aliacha mkono pale hata baada ya sista kuondoa wake.

"Hili halikuwapo," sista akasema. "Nyie ndio mmeliotesha. Sasa nisikilizeni. Goti likiwa la moto, asizungushe kwa nguvu. Akisema linauma na bado linauma hadi kesho yake, mmezidisha. Na mkimaliza kisu kikubwa, apumzike kabla ya kingine. Si kazi yake ile. Ni dawa. Siku akikataa, mwacheni."

Tukarudi na baiskeli yetu, Mwanaidi akisukuma upande mmoja. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo aliposema.

"Ile siti iko juu. Anachuchumia."

Jioni alikata kipande cha koti zito la mitumba, la nchi za baridi, ambalo halikupata mnunuzi, akashona mto wa siti, na mie nikampelekea fundi baiskeli alishushe bomba la siti. Bi Hawa alipoona Mwanaidi anashona, akaacha maneno yake. Siyo kwamba alikubali.

Nisikufanye udhani mambo yalinyooka tangu hapo. Ilipokaribia Idd ya kuchinja, mtaa mzima ulileta visu. Vya misikiti, vya majirani, mapanga ya nazi, hata mikasi. Zena alijiona mtu. Watu waliokuwa wakisema ninamtumikisha walikuwa wamesimama uwanjani kwetu kwenye foleni, wanamwita fundi. Alizungusha asubuhi, akapumzika, akazungusha tena. Nilimwona anafurahi nikasahau nilichoambiwa. Siku ya Idd yenyewe alishindwa kushuka kitandani. Goti lilikuwa limejaa na la moto, akala nyama yake amelala. Mwanaidi hakunilaumu. Aliniambia tu, "Nenda kabandike maji," nami nikaenda kubandika maji.

Kisha masika iliyofuata ugonjwa wenyewe ulirudi, mkubwa kuliko mwanzo. Si kwa sababu ya visu, daktari alituhakikishia hilo, bali ndivyo ulivyo. Magoti, viwiko, hata taya, akawa anakunywa uji kwa kijiko cha chai. Wakampa vidonge vingine vyenye nguvu. Maumivu yakapungua, lakini uso ukaanza kujaa. Mashavu yakawa ya duara, macho yakaingia ndani, tumbo likatoka. Shuleni wakambandika jina la andazi. Alikuja akaniambia kama anavyonieleza habari za watu wengine.

"Wananiita Andazi."

"Nani?"

"Wote." Akafikiri kidogo. "Hata mie ningejiita hivyo, Baba. Nimejiona kwenye kioo cha shangazi."

Nilitoka nje, nikajifanya naangalia mkanda wa baiskeli.

Kwa miezi ile Sista Adventina alisema asikanyage pedeli yenye mzigo, azungushe tupu tu, taratibu, goti lisije likasahau. Nikaliondoa jiwe. Zena akapanda, akazungusha mara chache, akashuka.

"Bila kisu sizungushi. Nitakuwa kama mwendawazimu."

Nikalirudisha jiwe. Nikawa natafuta vile visu vidogo vya wauza machungwa, ambavyo ukivigusisha kidogo tu vimepata makali. Niliwazunguka wauza machungwa wa Buguruni sokoni hadi wakanichoka. Visu vyao havijawahi kuwa vikali kama msimu ule. Zena alikuwa anazungusha polepole, uso wake mpya umeelekea ukutani ili wapita njia wasimwone, na hakusimulia chochote. Kuna siku alikataa kabisa. Nilimwacha, kama nilivyoambiwa, nikakaa kibarazani na beseni la visu, nikaona kama tumerudi mwanzo.

Mtu aliyetusaidia kipindi kile ni Mama Neema wa benchi. Kijana wake alikuwa ameanza kupata nafuu, lakini aliendelea kuja tarehe zetu hata zisipokuwa zake, akidai anapita tu. Alikuwa anamletea Zena ndizi mbivu. Siku moja akamwambia, "Mwanangu naye alivimba uso. Ukapungua, akanuna, alishazoea kuonekana tajiri." Zena akacheka hadi akashika taya. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu masika.

Ulipungua kweli. Vidonge vilipunguzwa kidogo kidogo, kipupwe kikaisha, uso ukarudi mahali pake. Paja lilikuwa limekonda lakini goti halikupinda. Sista alilipima, akalipima tena, akasema, "Mlilinda." Hilo ndilo neno la sifa kubwa nililowahi kupata katika jambo hili, na nilirudi nalo nyumbani nikampa Mwanaidi.

Miaka imepita tangu hapo. Ugonjwa umekuja na kuondoka, kila mara mdogo zaidi, na sasa una muda mrefu haujabisha hodi. Sitasema umekwisha. Goti la kulia halikunjiki lote, na asubuhi za baridi bado anaanza siku taratibu. Dawa ameachishwa. Zena yuko darasa la saba, mrefu kama mama yake, na mpira akiuona bado anapisha.

Mwaka huu, wakati wa kaskazi, nilirudi alasiri na beseni la visu, nikaitegesha baiskeli uwanjani, nikamwita. Akatoka amejitanda mtandio.

"Baba, leo sizungushi."

"Goti?"

"Goti halina kitu. Nakwenda Tabata na kina Rehema. Kuna dada yake Rehema kajifungua, tunakwenda kumtazama mtoto."

"Tabata kwa nini msisubiri mama yako arudi, mpande gari?"

"Tunakwenda kwa miguu. Tunapita njia ya reli." Akangoja. "Na kesho sijui kama nitazungusha. Nimekua, Baba. Wewe sasa unajua kunoa peke yako."

Nilitaka kumkumbusha umbali, na jua, na kwamba kwenda si kurudi. Bi Hawa alikuwa kibarazani amenikazia macho. Siku hizo zote yeye ndiye aliyekuwa anataka mtoto ashuke kwenye baiskeli, lakini sasa nilimwona naye ana hofu kama yangu. Nikamwambia Zena aende. Walipita uchochoroni wasichana watatu wanabishana, yeye kwa mwendo wake wa kuyumba kidogo upande mmoja, hakubaki nyuma, au wenzake walimngoja bila kuonyesha.

Sikunoa kitu. Mwanaidi aliporudi nikamwambia, akaketi na mzigo wake mapajani. Tulikaa hapo pamoja tunautazama uchochoro uleule.

Alirudi adhana ya magharibi imekaribia. Miguu ina vumbi hadi magotini, mtandio umeanguka mabegani, ndara moja ameishika mkononi imekatika. Akajitupa sakafuni kibarazani.

"Nimechoka," akasema.

Mwanaidi alishainuka kwenda kupasha maji. "Wapi panauma?"

"Hapaumi. Nimechoka tu. Ni mbali kule, Mama." Akaanza kueleza mtoto anafanana na nani, akafika katikati, akasinzia na vumbi lake, mdomo wazi.

Mwanaidi alirudi na beseni la maji, akasimama juu yake akimtazama. Kisha akaliweka chini, akaniambia tumwache.